Ada ya kebo, mfuko mkuu au mkataba wa huduma: fedha zipi za mji ziendeshe televisheni ya jamii Marekani?

Kituo cha televisheni ya jamii nchini Marekani ni mahali ambapo mkazi yeyote anaweza kujifunza kushika kamera na kurusha kipindi kwa lugha yake bila kulipia muda wa hewani. Sehemu kubwa ya fedha za vituo hivi hupitia mikononi mwa mji. Fedha hizo hutoka mafungu tofauti na kila fungu lina masharti yake. Lipo linaloruhusu mishahara na lipo lisiloruhusu. Lipo linalopungua kila mteja anapokata kebo, na lipo linalotegemea madiwani wameamkaje msimu wa bajeti. Kituo kinaweza kuwa na chaneli na vifaa vizuri na bado kikafungwa. Kinachokosekana ni fedha za kulipa watu.

Ulinganisho huu ni wa wajumbe wa bodi za vituo, wa kamati za kebo za miji, na wa vikundi vya wakazi vinavyorusha vipindi na kutaka kujua waende kwa madiwani kuomba nini hasa.

Sheria, kwa kiasi kinachohitajika

Mahakama ya Juu ya Marekani ilizifuta kanuni za tume ya mawasiliano, FCC, kuhusu chaneli za umma mwaka 1979. Jukumu likabaki kwa miji, na Sheria ya Kebo ya 1984 ikalipa msingi. Kifungu cha 611 kinauruhusu mji kudai chaneli za umma, elimu na serikali, zinazojulikana kama PEG. Kifungu cha 622 kinauruhusu kutoza kampuni ya kebo ada ya leseni isiyozidi asilimia 5 ya mapato ghafi ya huduma ya kebo katika kipindi cha miezi 12. Gharama za maendeleo za PEG, yaani majengo na vifaa, hazihesabiwi ndani ya asilimia hiyo.

Hapo ndipo wengi wanapoteleza: sheria ya shirikisho haisemi popote kwamba ile asilimia 5 itumike kwa televisheni. Ni kodi ya pango la barabara na nguzo za mji, na mji una hiari ya kuimwaga yote kwenye mfuko mkuu ikalipe polisi na lami. Ukisimama mbele ya madiwani ukasema "hizo ni fedha zetu," mwanasheria wa mji atakurudisha kwenye kiti kwa sentensi moja. Haki ya kituo kupata sehemu ya ada hiyo hutoka kwenye kitu kilichoandikwa mahali pengine: leseni yenyewe, sheria ndogo ya mji, sheria ya jimbo, au mkataba kati ya mji na kituo. Kabla ya kulinganisha chochote, tafuta karatasi hiyo uisome.

| Fungu | Laweza kulipa mishahara? | Hupanda na kushuka na nini | Wa kulikata ni nani |
|---|---|---|---|
| Sehemu ya ada ya leseni | Ndiyo | Wateja wa kebo na bili zao | Madiwani, mkataba ukiisha au ukiwa dhaifu |
| Nyongeza ya PEG | Hapana, ni vifaa na majengo | Wateja wa kebo | Kampuni, leseni ikiisha; au jimbo |
| Mfuko mkuu | Ndiyo | Kodi za mji kwa jumla | Madiwani, kila mwaka |
| Mkataba wa huduma | Ndiyo, kwa kazi iliyoagizwa | Idadi ya mikutano na kazi | Idara iliyoagiza |

Sehemu ya ada ya leseni

Hili ndilo fungu lililojenga vituo vingi, na ndilo linalovuja haraka kuliko mengine. Tuchukue mji wa mfano wenye wateja 10,000 wa kebo, bili ya wastani dola 80 kwa mwezi. Mapato ghafi ya mwaka ni dola 9,600,000, na asilimia 5 yake ni dola 480,000. Sasa tuseme wateja wanapungua kwa asilimia 8 kila mwaka, huku kampuni ikipandisha bili kwa asilimia 4. Baada ya miaka mitano wamebaki wateja 6,590 hivi wanaolipa dola 97, na ada imeshuka hadi karibu dola 385,000. Wakati huohuo, kama mishahara inapanda asilimia 3 kwa mwaka, kazi iliyogharimu dola 480,000 sasa inagharimu dola 556,000. Pengo ni dola 171,000, yaani mishahara ya watu wawili au watatu, na hakuna diwani aliyepiga kura ya kukata chochote.

Kwa hiyo mkataba ukisema tu "kituo kitapata asilimia 60 ya ada," umekubali kuzama pamoja na kebo. Ukisema "dola 250,000 kwa mwaka," umejikinga na kushuka lakini mfumuko wa bei utakula. Kifungu kinachofaa zaidi huunganisha vyote viwili: asilimia fulani ya ada au kiasi cha chini kilichotajwa, chochote kilicho kikubwa. Mweka hazina wa mji atakataa mara ya kwanza, kwa sababu hatari yote inahamia kwake. Njia ya kati ambayo miji huweza kuikubali ni kuruhusu kiasi cha chini kishuke, ila kisishuke zaidi ya asilimia 5 kwa mwaka mmoja. Kituo kinapata muda wa kutafuta fungu jingine kabla ya kufukuza watu.

Angalia pia lini fedha zinafika. Kampuni nyingi hulipa kwa robo mwaka, na California huzipa siku 45 baada ya robo kwisha. Mapato ya Januari hufika mjini katikati ya Mei. Mji ukichukua mwezi mwingine kuyapitisha, kituo kinalipwa Juni kwa fedha za Januari. Kituo kisicho na akiba ya angalau miezi mitatu kitakopa ili kulipa mishahara, hata kama bajeti yake imesawazika kwenye karatasi.

Halafu kuna ukaguzi wa hesabu, na hapa fedha huokotwa ambazo hazihitaji kura ya mtu yeyote. Mji una haki ya kukagua malipo ya kampuni, lakini muda wa kudai nyuma hufungwa na leseni au sheria ya jimbo, mara nyingi miaka mitatu. Makosa hujirudia sehemu zilezile. Nyumba zilizo mpakani, hasa mitaa iliyoingizwa mjini karibuni, hurekodiwa kwenye mji wa jirani. Kifurushi cha kebo, intaneti na simu hupewa punguzo, na punguzo lote likaegemezwa upande wa kebo ambako ndiko kuna ada. Mapato ya matangazo ya biashara na kamisheni za chaneli za mauzo huachwa nje. Kosa la anwani halihitaji mkaguzi wa bei mbaya kuligundua: linganisha orodha ya mitaa ya idara ya ramani ya mji na orodha ya anwani ambayo kampuni inaitumia kukokotoa ada.

Massachusetts wana chombo ambacho miji mingine ingefaa kukiiga. Sheria ya jimbo, sura ya 44 kifungu cha 53F¾, inauruhusu mji kufungua mfuko maalumu wa PEG na mambo ya kebo. Fedha zilizoingia humo hazimezwi na mfuko mkuu mwaka wa fedha unapofungwa, ingawa bado zinahitaji kuidhinishwa kabla ya kutumika. Vermont wamekwenda mbali zaidi: fedha za kebo huenda kwa mashirika yaliyoteuliwa kusimamia chaneli, chini ya uangalizi wa tume ya jimbo ya huduma za umma, kwa hiyo kituo hakishindani na lami.

Nyongeza ya PEG: nono, lakini imefungwa

Juu ya ile asilimia 5, leseni nyingi na sheria kadhaa za majimbo huongeza kiasi kwa ajili ya vifaa. Texas, iliyohamishia leseni ngazi ya jimbo mwaka 2005, na California, iliyofuata mwaka 2006, zinatumia asilimia 1 ya mapato ghafi. Kwa mji wetu wa mfano ni dola 96,000 mwaka wa kwanza.

Fedha hizi hununua kamera, mikisa ya picha (mashine ya kuchanganya picha za kamera), taa, seva ya kurushia vipindi, ukuta wa studio, hata gari la matangazo. FCC ilifafanua mwaka 2019 kwamba ununuzi wa vifaa unaingia, si ujenzi peke yake. Hazilipi mishahara, umeme, pango, bima wala mafunzo. Ukizitumia huko, kampuni ina hoja ya kusema kiasi hicho ni ada ya leseni. Na kama mji tayari unatoza asilimia 5, kampuni itakikata kwenye malipo yajayo. Yapo ya katikati yanayoleta ubishi: leseni za programu zinazolipiwa kila mwaka, matengenezo, fundi wa kufunga vifaa. Gharama ya kusafirisha na kufunga kifaa kipya kwa kawaida huandikwa pamoja na bei ya kifaa. Mkataba wa matengenezo wa kila mwaka ni vigumu kuutetea. Pata jibu la maandishi la mwanasheria wa mji kabla ya kununua, kwa sababu mkaguzi atakuja miaka miwili baadaye na aliyekubali kwa mdomo ameshahama.

Jinsi nyongeza inavyokokotolewa ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Leseni nyingi za zamani zinataja senti kwa kila mteja. Senti 60 kwa mwezi kwa wateja 10,000 ni dola 72,000 kwa mwaka. Kwa wateja 6,590 ni dola 47,400. Asilimia 1, ikibebwa na kupanda kwa bili, ingekuwa bado karibu dola 77,000. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, ikimbie senti kwa mteja. Bora kuliko zote, soko likiwa linashuka, ni kiasi cha mkupuo kinacholipwa siku 90 baada ya leseni kusainiwa, hata kama jumla yake kwenye karatasi inaonekana ndogo kuliko makadirio ya asilimia kwa miaka kumi. Makadirio hayo hutumia idadi ya wateja wa leo.

California kuna mtego wa pekee. Nyongeza ya PEG hutozwa kwa sheria ndogo ya mji, na sheria ndogo hiyo hufa pamoja na leseni ya jimbo, ambayo ni ya miaka kumi. Madiwani wasipoipitisha upya, kampuni inaacha kulipa na ina haki. Weka tarehe hiyo kwenye kalenda ya karani wa mji na ya kituo pia.

Ubaya mkubwa wa fungu hili ni kituo kuwa na studio inayong'aa isiyo na fundi. Ndiyo maana kituo chenye nyongeza nzuri kinapaswa kukataa kabisa kutumia ada ya leseni au mfuko mkuu kununua vifaa. Kila dola inayoweza kulipa mtu ilipe mtu. Miji huielewa hoja hii ikielezwa kama kubadilishana: "Msitupe dola 40,000 za kamera kutoka mfuko mkuu, tutazitoa kwenye nyongeza, tupeni dola 40,000 hizohizo za mkufunzi."

Vitu vya bure ambavyo si bure tena

Kwa miaka mingi kampuni zilitoa laini za kurudishia picha kutoka ukumbi wa madiwani, shuleni na studioni, na kebo ya bure kwenye majengo ya umma. Uamuzi wa FCC wa 2019 ulisema vitu vya aina hiyo, ukiondoa gharama za maendeleo za PEG, vihesabiwe ndani ya asilimia 5. Miji ikapinga, na mwaka 2021 Mahakama ya Rufaa ya shirikisho ya Mzunguko wa Sita ikakubali vihesabiwe, lakini kwa gharama ya ziada inayoiangukia kampuni kwa kuvitoa, si kwa bei ya dukani. Tofauti hiyo ni kubwa. Kampuni ikileta barua ya kutaka kukata, dai ikuonyeshe hesabu ya gharama laini kwa laini. Kisha linganisha na kupeleka picha mwenyewe: enkoda (kifaa kinachogeuza picha kuwa data za mtandao) upande mmoja, dikoda (kinachozirudisha kuwa picha) upande wa pili, na mkongo wa mji kati yao. Chaneli moja ya HD kwa mfumo wa kubana video wa H.264 inataka megabiti 6 hadi 10 kwa sekunde za kupandisha zisizoyumba. Enkoda hununuliwa kwa nyongeza ya PEG, kwa hiyo mara nyingi mji wenye mkongo wake unafaidika kuziacha laini za kampuni. Mji usio na mkongo afadhali uzibakize, maana intaneti ya kawaida ya ofisi hukwama saa ileile mkutano umejaa watu wenye simu.

Mfuko mkuu

Fungu hili halijali nani amekata kebo. Linajali siasa. Likiingia kwenye bajeti kama "mara moja," mwakani linaanza upya kutoka sifuri. Likiingia kwenye msingi wa bajeti, mwakani mjadala ni kuongeza au kupunguza. Kwa hiyo pigania mstari wa msingi hata kama kiasi ni kidogo.

Ombi huanza mapema. Mji ambao mwaka wake wa fedha unaanza tarehe 1 Julai huwa umeshakusanya maombi ya idara miezi kadhaa kabla. Anayejitokeza kwenye kikao cha wananchi mwezi Juni amekuta meza imeshatandikwa. Peleka idadi ya mikutano iliyorushwa, saa za mafunzo, wakazi waliotengeneza vipindi, na lugha zilizosikika hewani. Usijifunge kwa idadi ya watazamaji wa kebo: chaneli hizi kwa kawaida hazipimwi, na takwimu ya kubahatisha ikibomolewa na diwani mmoja, na zile za kweli hazitaaminiwa.

Mkataba wa huduma

Hapa mji hauchangii, unanunua. Unalipia mikutano kurushwa, kuhifadhiwa na kuwekwa manukuu, yaani maandishi ya yanayosemwa kwenye skrini. Madiwani huipenda njia hii kwa sababu inaonekana kama gharama nyingine yoyote ya uendeshaji, na hoja yake imepata nguvu. Kanuni ya Wizara ya Sheria ya Marekani ya mwaka 2024 kuhusu watu wenye ulemavu inaitaka miji ifanye maudhui yake ya mtandaoni, pamoja na video, yafikike, na kiwango kilichochaguliwa kinadai manukuu hata kwa matangazo ya moja kwa moja.

Bei hukosewa kwa kuhesabu saa za mkutano peke yake. Mkutano wa saa 3 ni saa 5 za kazi kwa kila mtu: kufunga, kupima sauti, kurusha, kufungua, kupakia. Watu wawili, dola 30 kwa saa pamoja na makato ya mwajiri, ni dola 300. Kamati 12 zinazokutana mara mbili kwa mwezi ni mikutano 288 na dola 86,400, kabla ya manukuu na sehemu ya pango. Andika pia kinachotokea mkutano ukipita saa nne za usiku, na ukifutwa chini ya saa 24.

Hatari yake ni ya polepole. Wafanyakazi wote wanahamia ukumbi wa madiwani, chaneli ya serikali inashiba, na ile ya umma inabaki na marudio. Kinga ni kuandika ndani ya mkataba huohuo saa za chini ambazo studio itakuwa wazi kwa wakazi, jioni na Jumamosi zikiwemo, na idadi ya mafunzo kwa mwezi. Mji unanunua mikutano. Vilevile unanunua mlango ulio wazi. Bila sharti hilo, kikundi cha wakazi kinachotaka kurusha kipindi cha lugha yake kitaambiwa fundi hayupo mpaka kichoke.

Ada mpya kwa intaneti na video za mtandaoni

Wazo ni jepesi: watu wamehamia huko, ada iwafuate. Njia imekuwa ngumu. Mji wa Eugene, Oregon, ulitoza asilimia 7 ya mapato ya intaneti ya kasi, na Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ikaukubalia mwaka 2016. Lakini FCC mwaka 2019, kisha Mzunguko wa Sita mwaka 2021, walikataa ada ya aina hiyo kwa kampuni ya kebo. Mji wa Maple Heights ulipoidai Netflix ada ya video, Mahakama ya Juu ya Ohio iliukatalia mwaka 2022. Inafaa kuendelea kulipigania bungeni jimboni. Haifai kuliandikia bajeti.

Idara ya mji au shirika lisilo la faida?

Uamuzi huu unabadilisha thamani ya kila fungu. Kituo kikiwa idara, fedha hupita kirahisi na wafanyakazi wana mafao, lakini mhariri mkuu ni mwajiriwa wa watu anaowarekodi. Kikiwa shirika, kinaweza kuomba ruzuku za wakfu na michango ya wakazi, ila mishahara yake inategemea mkataba. Kesi ya Halleck ya mwaka 2019 imeongeza jambo la kupima: Mahakama ya Juu, kwa kura 5 kwa 4, ilisema shirika binafsi linaloendesha chaneli za umma za Manhattan si chombo cha serikali, kwa hiyo halibanwi moja kwa moja na Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, yanayolinda uhuru wa kusema. Mji unaotoa fedha kwa shirika uandike kwenye mkataba kwamba vipindi hupokewa kwa zamu bila kubagua maoni. Haki hiyo ilindwe kwa mkataba, isitegemewe mahakamani.

Kwa mji wa aina gani, fungu gani

Mji mdogo wenye wateja wa kebo chini ya 3,000 usijenge studio yake. Uungane na miji jirani, mkataba wa huduma ulipie mikutano ya kila mji, na nyongeza za PEG zichangwe kununua seti mbili za vifaa vya kubebeka. Kila mji uweke mstari mdogo wa msingi kwenye mfuko mkuu wake kwa ajili ya mkufunzi mmoja wa wote.

Mji ulio kwenye jimbo lenye leseni ya jimbo hauna nafasi ya kujadiliana na kampuni, kwa hiyo nguvu yote iende kwa madiwani. Chukueni ile asilimia 1 kwa vifaa, kisha dai sheria ndogo inayotenga sehemu ya ada ya leseni, yenye kiasi cha chini kisichoshuka ghafla.

Mji wenye leseni yake wenyewe inayokaribia kuisha ndio wenye mengi ya kupata au kupoteza. Kwa sheria ya shirikisho, dirisha la kuanzisha utaratibu rasmi wa kuhuisha hufunguka miezi 36 kabla ya leseni kuisha na kufungwa miezi 30 kabla. Mji ukilala, unabaki na mazungumzo ya hiari ambayo kampuni inaweza kuyavuta ipendavyo. Katika utaratibu huo rasmi mji hukusanya ushahidi wa mahitaji ya jamii: vikao vya wakazi, orodha ya vifaa vilivyochakaa na umri wake, barua za shule na vikundi, vipindi vilivyokataliwa kwa kukosa nafasi studioni. Ushahidi usiomo kwenye kumbukumbu hizo hautasaidia baadaye. Vikundi vya wakazi vijitokeze hapo, kwa maandishi, na kutaja idadi ya saa za studio wanazohitaji kwa wiki.